Je, wajua kwa nini barua pepe ya kughushi huweza kufaulu ukaguzi?

Wengi, wakiwemo baadhi ya wanaosimamia seva, huamini kwamba barua pepe ikishafaulu ukaguzi wa SPF (mbinu ya kuhakiki iwapo seva iliyotuma imeruhusiwa), basi anwani inayoonekana juu yake imethibitishwa. Sivyo: SPF haiitazami kabisa anwani hiyo.

Tangu SMTP, itifaki ya kusafirishia barua pepe, ichapishwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, barua pepe husafiri na anwani mbili za mtumaji, kama barua ya posta: moja iko mgongoni mwa bahasha, ili barua isiyofika ijulikane irudishwe wapi, na nyingine iko kwenye karatasi iliyomo ndani. Seva ya mpokeaji huiweka bahasha kando, na msomaji huoneshwa karatasi tu. SMTP haikudai kwamba anwani hizo zifanane, na pengine ni heri, kwa kuwa kampuni inayosambaza matangazo kwa niaba ya duka hutaka barua zilizokwama zirudi kwake, si dukani.

SPF hukagua mgongo wa bahasha, ikiuliza katika DNS, rejista ya majina ya intaneti, iwapo kikoa (sehemu ya anwani iliyo baada ya @) kilichoandikwa pale kimeiruhusu seva iliyotuma. Tapeli anayemiliki tapeli.example hufaulu bila jasho, huku ndani akiwa ameandika benki.example. DKIM, mbinu nyingine ya ukaguzi, huhakiki saini ya kidijitali iliyotiwa kwenye barua, lakini saini hiyo yaweza kuwa ya kikoa chochote, hata cha tapeli mwenyewe.

Swali lililokosekana liliongezwa na DMARC, mbinu ya tatu, iliyochapishwa mwaka 2015 katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 7489: je, kikoa kilichofaulu kinalingana na kile anachokiona msomaji? Kikilingana kimoja tu, cha SPF au cha DKIM, yatosha. Ndiyo maana katika vichwa vilivyofichwa vya barua hukutwa "spf=pass" (imefaulu) na "dmarc=fail" (imeshindwa) zikikaa pamoja bila ugomvi. Hata hivyo, mwenye kikoa akiwa ametangaza "p=none" katika sera yake ya DMARC, hajaomba barua isiyolingana izuiwe; na jina la mtu lililotangulia anwani halikaguliwi hata kidogo.

Kulingana kwenyewe kuna mushkeli. Kwa kawaida habari.benki.example huhesabiwa kuwa sawa na benki.example, kwa sababu mzizi ni mmoja; lakini mashine ingechukua tu vipande viwili vya mwisho, vikoa vyote vya .co.tz vingeonekana kuwa vya mmiliki mmoja. RFC 7489 ililiacha suala hilo kwa orodha ya viambishi vya umma, yaani miisho kama .co.tz ambayo wamiliki tofauti husajili vikoa chini yake, na iliyozoeleka zaidi ilianzishwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwa ajili ya vivinjari, wala si kwa ajili ya barua pepe.