Gari limenyanyuka inchi ngapi? Kimo cha springi na namna ya kukipima

Boksi la springi limeandikwa inchi 2. Futi kamba inasoma inchi 3 kasoro kidogo mbele, na nyuma inchi 1 na nusu. Mwenye gari anamwangalia fundi, fundi anaangalia boksi, muuza springi hapokei simu. Nimeshashuhudia ubishi huu zaidi ya mara moja, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amepima kitu chake.

Kunyanyua gari kwa springi maana yake ni kuongeza nafasi kati ya magurudumu na chasisi. Unafunga springi ndefu au ngumu kuliko zilizotoka kiwandani, au unaweka vipande vya kuongezea kimo, na bodi pamoja na chasisi vinapanda juu ya magurudumu. Kimo cha kunyanyuka ni tofauti ya vipimo viwili, kimoja kabla ya kazi na kingine baada yake, vilivyochukuliwa mahali palepale na kwa namna ileile. Kama hukupima kabla, namba unayoisema kijiweni ni ya kukisia.

Watu huchanganya hapa na mambo mawili mengine. La kwanza ni matairi makubwa. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina 803. Tofauti ni milimita 27, lakini gari linapanda nusu yake tu, yaani 13, kwa sababu nusu nyingine ya tairi imekwenda juu ya ekseli. La pili ni kunyanyua bodi peke yake: vipande vinawekwa kati ya kebini na chasisi, madigadi yanapanda, ila springi, shokapu na chasisi vinabaki palepale vilipokuwa.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwenye pikapu yenye ekseli nzima nyuma, kama Hilux, springi mpya haziliinui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hata milimita moja. Difu limekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye matairi. Kama jiwe la njiani lilikuwa linakwangua difu, litaendelea kulikwangua hata baada ya kutumia milioni mbili. Kinachoinua difu ni tairi.

Wapi unaweka futi kamba

Kosa la kwanza ni kupima kutoka ardhini mpaka ukingo wa madigadi. Kipimo hicho kinabeba kila kitu: upepo wa tairi, kuchakaa kwake, saizi yake, hata kokoto iliyo chini yake. Pima kutoka katikati ya gurudumu, pale katikati ya kofia ya rimu, ukienda juu wima mpaka ukingo wa madigadi. Tairi likiwa jipya au kipara, limejaa au limepungua upepo, umbali huo haubadiliki. Unachosoma ni kile springi zimefanya. Kama unashuku bodi nayo imenyanyuliwa, pima pia umbali kati ya ekseli na chasisi, pale penye mpira wa kugotea, maana madigadi peke yake hayatakuambia.

Sakafu iwe tambarare. Sakafu ya gereji zetu mara nyingi ina mteremko wa kupitishia maji, na huo unatosha kulilaza gari upande. Kituo cha mafuta chenye zege nzuri kinafaa zaidi, ukimwomba mhudumu vizuri. Usukani uwe umenyooka, mizigo imeshushwa, hakuna mtu ndani, na mafuta yawe kiwango kilekile siku zote mbili. Lita 60 za dizeli ni karibu kilo 50, na tangi mara nyingi limekaa upande mmoja.

Kisha kuna hili ambalo mafundi wenye haraka hulisahau: gari lililoshushwa kwenye jeki halikai kimo chake. Matairi yanapogusa ardhi yanakuwa yameingia ndani kidogo na hayawezi kuteleza kurudi nje, kwa hiyo mbele inabaki juu. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, kandamiza bampa mara tatu nne, ndipo upime. Vizuri zaidi, liendeshe mtaa mzima kwanza.

Pima kwa milimita, pembe zote nne, andika kwenye karatasi. Inchi 1 ni milimita 25.4, basi inchi 2 ni 51 hivi. Mimi Hilux Vigo yangu, dabo kebini, ilisoma hivi kabla: mbele kushoto 495, mbele kulia 488, nyuma 521 na 518. Baada ya springi mpya: 549, 541, 570, 568. Mbele imepanda 54 na 53, nyuma 49 na 50. Tazama upande wa kulia mbele: ulikuwa chini tangu mwanzo kwa milimita 7, na ukabaki chini kwa 8. Bila karatasi ile ya kwanza ningemlaumu fundi kwa ulalo ambao nilikuja nao mwenyewe.

Kwa nini namba haifanani na ya boksi

Anayeandika inchi 2 kwenye boksi analinganisha na gari jipya lenye springi ambazo hazijachoka. Gari lako lina miaka kumi na tano na limebeba simenti, mahindi na harusi mbili. Springi za zamani zimelala, pengine milimita 20. Ukifunga mpya unapata 70, unadhani umezawadiwa.

Sababu ya pili ni uzito, na hii ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Springi haina kimo chake yenyewe. Ina kimo chini ya mzigo fulani. Ndiyo maana springi za mbele za gari moja huuzwa kwa namba tofauti, moja ya bampa la kawaida, nyingine ya bampa la chuma na winchi. Ukifunga ile ya winchi wakati huna winchi, pua inapanda kama mashua yenye injini kubwa na gari linadunda kwenye kila tuta. Nyuma ni vivyo hivyo. Chukulia springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 4. Pakia kilo 400, kila upande unabeba 200, gari linashuka milimita 50. Inchi zako mbili zimeondoka. Anayebeba mzigo kila siku anahitaji springi ngumu, anayebeba begi na familia anahitaji laini, na hakuna springi moja itakayowaridhisha wote wawili, muuzaji aseme atakavyo.

Ya tatu ni vipande vya kuongezea kimo. Kwenye springi za vyuma bapa vya nyuma, kipande kinachowekwa kati ya ekseli na springi kinainua gari kwa unene wake uleule. Ukirefusha kile kibao kinachobembea mwisho wa springi, gari linapanda nusu tu ya ulichoongeza. Lakini mbele, kwenye magari yenye mikono miwili na koili iliyozunguka shokapu, kipande kilichofungwa juu ya shokapu kinazaa karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu imeshikilia mkono katikati na gurudumu liko mwisho wa mkono. Kuna watu wameweka kipande cha milimita 50 wakitaka inchi 2, wakapata karibu 4, na sivi jointi, vile viungo vya shafti za magurudumu ya mbele, zikaanza kulia wiki hiyohiyo.

Ya nne ni bolti zilizokazwa gari likiwa hewani. Bushi za mpira kwenye springi za vyuma bapa zinashikwa katikati na bolti. Ukiikaza wakati ekseli inaning'inia, mpira unaganda katika hali hiyo. Gari likishuka, mpira unajinyonga na kulisukuma juu. Nyuma inasoma milimita 10 au 15 za ziada, inakuwa ngumu kama mkokoteni, na baada ya miezi bushi zinachanika. Dawa haina gharama: legeza bolti za springi matairi yakiwa chini, tikisa gari, kaza upya. Na yu-bolti, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zikaguliwe tena baada ya kilomita 500 hivi, maana springi mpya hukaa na kujibana.

Gari likilala upande

Tofauti ya milimita 5 mpaka 10 kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida. Dereva, betri, tangi, vyote vina uzito. Ikivuka 15 tafuta sababu, na usianze kwa kununua springi.

Anza kujua kama kosa liko mbele au nyuma, kwa kuwa springi mbovu ya nyuma inaweza kuilaza mbele. Weka kabari imara kwenye matairi ya mbele, pande zote mbili, kwa sababu breki ya mkono inashika ya nyuma na hayo yataachia ardhi. Piga jeki ya troli katikati chini ya difu, inua mpaka matairi ya nyuma yaelee kidogo tu. Usiingie chini. Rudi mbele upime tena. Ulalo ukiisha, mbele ni nzima na tatizo liko nyuma. Ukibaki vilevile, tatizo ni la mbele. Baada ya hapo hamisha springi, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto: ulalo ukihama, springi ndiyo yenye kosa; ukibaki upande uleule, angalia kiti cha springi, mkono uliopinda au chasisi iliyowahi kugongwa. Kabla ya yote hayo, soma alama kwenye springi. Baadhi ya seti zina springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria, na zikifungwa kinyume gari linalala lenyewe.

Baadhi ya pikapu za 4x4 za kabla ya Vigo, na Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, mbele hazina koili. Zina nondo inayojinyonga. Fundi anakaza bolti moja na gari linapanda kwa dakika tano, bure. Nondo haikuwa ngumu zaidi, imegeuzwa tu. Nafasi uliyoongeza juu umeitoa chini. Gurudumu likikosa nafasi ya kushuka, ukiingia shimo unasikia "tang", mkono wa juu unagota. Kwa kusawazisha kushoto na kulia bolti ile ni nzuri. Kwa kutafuta inchi 3, hapana.

Vitu viwili vinavyosahaulika baada ya kazi. Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ni lazima, kwa sababu mikono ya mbele imebadilika pembe na usukani utakuwa mwepesi na unaohangaika kwenye lami. Na Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo: kifimbo kimefungwa kwenye ekseli, vali ipo kwenye chasisi. Bodi ikipanda, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umejaza magunia. Pale kifimbo kinaposhikwa kwenye ekseli painuliwe kwa kipimo kilekile gari lilichopanda nyuma. Seti zingine huja na kibao chake. Kama hakimo, fundi mzuri anakichonga kwa nusu saa.

Taa nazo zishushwe jioni ileile, kwa kuzimulika ukutani. Dereva anayekuja mbele yako hana habari kwamba umenunua springi.