Falanga ya Makedonia: askari wa sarisa alivyopigana

Falanga ni mpango wa vita ambao askari wa miguu husimama safu nyuma ya safu, bega kwa bega, mikuki ikielekea mbele. Wagiriki walipigana hivyo kwa karne kadhaa, kila mtu akiwa na ngao kubwa ya mviringo mkono wa kushoto na mkuki wa meta 2 hadi 2.5 mkono wa kulia. Filipo wa Pili, aliyetawala Makedonia tangu 359 hadi 336 KK, alibadilisha mkuki, na kwa kuubadilisha akabadilisha karibu kila kitu kingine. Askari wake walishika sarisa, mkuki mrefu sana wa kushikwa kwa mikono miwili.

Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK aliyezijua vita hizi kwa karibu, anasema sarisa ya zama zake ilikuwa dhiraa 14, yaani kama meta 6.3. Zile za awali zilikuwa fupi kidogo; Theophrastus, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 KK, anataja dhiraa 12 kwa zile ndefu za wakati wake. Uti ulikuwa wa mti mgumu. Mbele kulikuwa na ncha ya chuma, na kwenye tako kulivikwa chuma kizito chenye kazi mbili: kulisawazisha fimbo refu namna hiyo ili lisiiname mbele, na kukita ardhini. Bila uzito wa nyuma, mshikaji angelazimika kushika karibu na katikati na kupoteza urefu wote alioubeba. Kwa hesabu ya Polybius, dhiraa 4 zilibaki nyuma, kuanzia mikono hadi tako, na dhiraa 10, kama meta 4.5, zikatangulia mbele.

Mikono yote miwili ikiwa kazini, hakuna mkono wa kubeba ngao kubwa. Kwa hiyo ngao ilipunguzwa hadi kipenyo cha sentimeta 60 na kitu, ikaning'inizwa kwa mkanda begani na kufungwa kwenye mkono wa kushoto. Hapo ndipo udhaifu wa askari huyu unapoanzia. Akiwa peke yake ana kinga ndogo, hawezi kugeuka haraka, na adui akishaipita ncha hana la kufanya ila kutupa sarisa na kuchomoa upanga mfupi. Msomaji aliyezoea mkuki wa kurusha au wa kuchoma ana kwa ana aiweke kando picha hiyo: sarisa hairushwi, na mtu mmoja mwenye sarisa si tishio kwa yeyote.

Tishio lilikuwa safu. Kikosi cha msingi, sintagma, kilikuwa na watu 256: mistari 16 yenye watu 16 kila mmoja, mmoja nyuma ya mwingine. Safu moja hadi nyingine kulikuwa na dhiraa 2, hivyo ncha ya mtu wa kwanza ilitangulia dhiraa 10, ya wa pili 8, ya wa tatu 6, ya wa nne 4 na ya wa tano 2. Mbele ya kila askari wa safu ya kwanza palikuwa na ncha tano. Safu za nyuma ya hapo zisingemfikia adui, kwa hiyo ziliinua sarisa kwa mshazari juu ya vichwa vya wenzao, na msitu huo wa miti ulipunguza kasi ya mishale na mawe. Kazi yao nyingine ilikuwa kusukuma kwa uzito wa mwili na kuwanyima wa mbele nafasi ya kurudi.

Nafasi kati ya mtu na mtu iliamua kila kitu. Vitabu vya mafunzo ya falanga vinataja vipimo vitatu: dhiraa 4 za kutembelea, dhiraa 2 za kushambulia, na dhiraa 1 ya kufunga ngao na kupokea shambulio. Katika dhiraa 2, sintagma ilikuwa na upana wa meta 14 hivi. Kubana kutoka nafasi moja kwenda nyingine bila kugonganisha miti ya meta 6 kulihitaji mazoezi ya kila mara, na viongozi waliwekwa kwa makusudi: mmoja mbele ya kila mstari, mwingine nafasi ya 9 ili mstari uweze kugawanywa mara mbili, na mmoja nyuma kabisa wa kuzuia watoro. Nidhamu hiyo iliandikwa hata kwenye jiwe. Sheria ya jeshi iliyopatikana Amphipolis, mji wa Makedonia, inatoza faini ya oboli 3 (sarafu ndogo za Kigiriki) kwa askari asiyekuja na sarisa, lakini drakma nzima, yaani oboli 6, kwa asiye na ngao. Maofisa walilipa mara mbili.

Kazi ya falanga haikuwa kumaliza vita peke yake. Chini ya Filipo na mwanawe Aleksanda Mkuu ilimshika adui mahali pamoja, huku wapanda farasi wakitafuta upenyo wa kumpiga. Kati yao na falanga waliwekwa askari wa miguu wepesi zaidi, waliolinda ubavu. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu picha ya mikuki mirefu huvuta macho na kuwaficha wale walioiwezesha.

Kosa la kwanza la falanga ni ardhi. Polybius anaorodhesha mitaro, makorongo, mabonde, matuta na mito: chochote kinachomfanya mtu mmoja apande na jirani yake ashuke hufungua pengo. Huko Issus, 333 KK, falanga ya Aleksanda ilikatika ikivuka mto Pinarus, na mamluki Wagiriki wa Dario, mfalme wa Uajemi, wakaingia kwenye pengo hilo. Walianguka Wamakedonia wenye sifa wapatao 120 kabla ya ubavu wa kulia, uliokwisha kushinda, kugeuka na kuwaokoa.

Kosa la pili ni mgongo. Sarisa zikishashushwa, huwezi kugeuka bila kuwapiga wenzako. Mwaka 197 KK huko Cynoscephalae, upande wa kulia wa Filipo wa Tano, mfalme wa Makedonia, uliwasukuma Warumi mteremkoni, lakini upande wa kushoto ulikuwa bado unapanda kilima bila kujipanga, ukavunjwa mara moja. Ofisa mmoja Mrumi akachukua vikosi vidogo 20 kutoka upande ulioshinda na kuipiga ile falanga ya kulia kwa nyuma. Wamakedonia walisimamisha sarisa wima, ishara yao ya kujisalimisha. Wengi wa Warumi hawakuijua ishara hiyo, wakaendelea kuua.

Huko Pydna, 168 KK, falanga ya mfalme Perseus wa Makedonia ilianza kwa kuwarudisha nyuma Warumi, na kamanda wao Aemilius Paullus mwenyewe alikiri baadaye kuwa hajawahi kuona kitu cha kutisha kama hicho. Kadiri ilivyosonga kwenye ardhi ya mabonde, mstari ulipasuka sehemu nyingi. Paullus aliagiza vikosi vidogo viingie kila penye ufa, badala ya kuigonga falanga yote kwa pamoja. Ndani ya ufa, panga fupi za Wamakedonia na vingao vyao vilikutana na ngao ndefu za Warumi zilizofunika mwili mzima, na vita vikaisha kwa muda wa saa moja tu.