Je, wajua kwa nini sikukuu hupoa ukishakuwa mtu mzima?

Nilipokuwa mdogo nilinunuliwa viatu vya sikukuu wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mama akasema hakuna kuvivaa mpaka siku ifike. Basi kila usiku taa zikizimwa nilikuwa napapasa chini ya kitanda, nafungua boksi taratibu lisitoe sauti, nanusa ile harufu ya raba mpya, nafunga, nalala. Wiki tatu nzima! Siku ya sikukuu nikavivaa, na kufika saa nane mchana kimoja kilikuwa kimeshanichubua kisigino. Mpaka leo nikikumbuka utamu wa vile viatu, siku ya kuvivaa hata haiji vizuri kichwani, linakuja boksi.

Nimeanza na hilo boksi kwa sababu ndo lina jibu la swali ambalo watu wazima wengi wanajiuliza msimu ukikaribia: mbona sisikii kitu? Taa zipo, nyimbo zipo, watu wanaulizana mipango, na wewe ndani uko kama siku ya kawaida tu, afu unaanza kujishuku kwamba labda moyo umekauka. Haujakauka. Kuna vitu vimebadilika, vingine kichwani na vingine kwenye majukumu, na vingi kati ya hivyo vinarudishika.

Tuanze na kichwa. Kuna mtafiti wa ubongo anaitwa Wolfram Schultz, yeye na wenzake walikuwa wanapima seli za ubongo wa tumbili zinazotoa dopamini, ile kemikali ambayo watu wengi wanaijua kama kemikali ya raha. Tumbili alikuwa anapewa tone la juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika mdomoni, sawa, hapo hamna ajabu. Lakini wakaweka ishara, mfano taa inawaka kwanza ndo juisi inafuata, na tumbili akishaizoea ile taa, seli zinachangamka taa ikiwaka, halafu juisi ikija kama ilivyotarajiwa hazishtuki tena. Na ikikosekana zinashuka chini ya kawaida yake. Mwaka 1997 Schultz aliandika kuhusu hayo pamoja na Peter Dayan na Read Montague, na maana yake kwa lugha yetu ni kwamba ubongo unachangamkia sana habari kwamba kitu kizuri kinakuja, na pia kile ambacho haukukitegemea. Sasa mweke mtoto hapo: anaona dalili moja moja kwa wiki kadhaa, na hajui hasa kitakachotokea. Afu mweke mtu mzima, ambaye kila kitu amekipanga yeye, amekilipia yeye, anajua mpaka kwenye kila zawadi mle ndani kuna nini. Mshangao atautoa wapi?

Na kungoja kwenyewe hatungoji. Mtu mzima anaikimbiza kazi mpaka jioni ya mwisho kabisa, anafika sikukuu akiwa bado anajibu meseji za ofisini, halafu anategemea furaha iwake papo hapo kama taa. Uholanzi walichunguza watu wazima 1,530, matokeo yakatoka 2010, wakilinganisha waliokuwa wanaenda likizo na wasioenda. Waliokuwa wanaenda walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka. Baada ya kurudi hiyo tofauti haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya kupumzika kwelikweli. Ukiisoma hiyo vizuri unaona kabisa kwamba mtu anayeruka kipindi cha kungoja amejinyima fungu kubwa la furaha yenyewe, na hilo ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa: kungoja ni sehemu ya sikukuu, tena kwa maoni yangu ndo nusu iliyo bora.

Kuna na suala la muda. Mwanafalsafa wa Ufaransa Paul Janet alieleza mwaka 1877 kwamba mwaka tunaupima kwa kuulinganisha na maisha tuliyokwishaishi. Kwa mtoto wa miaka 5 mwaka mmoja ni asilimia 20 ya maisha yake yote, kwa mtu wa miaka 40 ni asilimia 2.5. Ni njia tu ya kueleza hisia, lakini inaelezea vizuri kwa nini mtoto anaona sikukuu haifiki na wewe unaona ile ya mwaka jana imeisha juzi.

Haya, majukumu sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panapowaumiza watu kimyakimya. Ukiwa mtoto sikukuu ilikuwa inakukuta tu. Kuna mtu alikuwa anaitengeneza, wewe hukumuona. Ukishakuwa mkubwa unaambiwa mtu huyo ni wewe. Mtafiti Allison Daminger mwaka 2019 alichapisha utafiti wa jozi 35 za wanandoa akaonyesha kwamba kuna kazi ya nyumbani ambayo haionekani kwa macho: kuona mapema kitakachohitajika, kutafuta namna ya kukipata, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Na akakuta wanawake ndo wanaobeba zaidi, hasa ule mwanzo wa kuona mapema na ule mwisho wa kufuatilia. Fikiria mama amekaa pembeni ya kitanda saa sita usiku, watoto wamelala, simu mkononi imefunguliwa kwenye orodha, amekata vitu kumi na nne bado tisa, na kuna mtu mlangoni anamuuliza kwa upendo kabisa, nikusaidie nini? Nia ni nzuri jamani, lakini hilo swali nalo ni kazi, maana inabidi afikirie tena ndo ampe mwenzie jibu. Msaada unaopumzisha ni kuchukua jambo zima kuanzia kulikumbuka mpaka kulimaliza, yaani unasema wageni wa jioni ni wangu, usiwawaze, na kweli asiwawaze. Ukiona mtu wa nyumbani kwako amepoa msimu huu, kabla hujamwambia achangamke muulize ana vitu vingapi kichwani.

Afu hela. Tim Kasser na Kennon Sheldon waliwauliza watu 117 wa umri wa miaka 18 hadi 80 kuhusu Krismasi yao, wakachapisha 2002. Waliosema Krismasi ilitawaliwa na familia na mambo ya imani walikuwa na furaha zaidi, na pale ambapo kutumia hela na kupokea zawadi ndo kulikuwa kumetawala furaha ilikuwa chini. Kwa hiyo ukiona bajeti imebana usidhani umeshaikosa sikukuu. Kata kwenye vitu kwanza, usikate kwenye watu.

Kingine kinachosaidia ni kuwa na jambo lenu dogo mnalolirudia kila mwaka. Utafiti wa 2016 kuhusu kawaida za familia wakati wa sikukuu ulikuta kwamba walio na kawaida zao wanazifurahia sikukuu zaidi, kwa sababu zinawaleta karibu. Na hakuna haja ya kutafuta kitu kikubwa. Mchezo uleule wa karata, picha ileile mlangoni kila mtu akisimama pale alipozoea kusimama, matembezi ya jioni ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba kitu mnachokirudia kinakuwa kama ile taa ya tumbili, kikianza tu mwili unajua nini kinakuja.

Siwezi kuliacha la watu ambao hawapo tena. Ukikua sikukuu inakuja na kiti kitupu, na kuna wengine wanaikwepa sikukuu nzima kwa sababu ya hicho kiti, nawaelewa kabisa. Mwaka 1688 daktari wa Uswisi Johannes Hofer aliunda neno nostaljia akiamini hiyo hamu kali ya nyumbani ni ugonjwa. Siku hizi watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wameonyesha kwamba kukumbuka ya zamani kwa hamu, hata kukiwa na uchungu ndani yake, mara nyingi kunamwacha mtu akijisikia yuko karibu zaidi na watu wake. Kwa hiyo mtajeni aliyeondoka, simulieni lile jambo lake, mtu akilia mwacheni alie, na furaha ya siku haitakufa kwa hilo. Kwetu huwa tunacheka sana hapohapo kwenye machozi.

Mimi mwaka huu nimeamua kurudisha wiki zangu tatu. Nimefunga kazi za ofisini mapema kadiri nilivyoweza, zawadi nimenunua mapema nikaifunga, nikaweka boksi juu ya kabati mahali panapoonekana lakini hapafikiki, makusudi kabisa. Mwanangu ana miaka sita, ameuliza mara mbili ni la nani nikamwambia subiri. Jana usiku nimesikia kiti kinaburuzwa taratibu sana, kinasimama, kinaburuzwa tena, halafu kimya kirefu. Nikajifanya nimelala.