Kabla hujanunua waya mwingine wa spika

"Fundi, spika zangu zimebanwa. Nifungie waya mzuri zifunguke." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na safari hii aliyesema tayari alikuwa na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 3 kila upande, umekazwa barabara, kwenye spika za ohm 8. Hapo hakuna cha kufungua. Nimelieleza hili kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika lote ili atakayeniuliza tena nimtumie asome.

Tuanze na hesabu. Shaba ya 2.5 ina ukinzani, yaani kiasi inachouzuia umeme, wa karibu miliohm 7 (elfu saba za ohm, 0.007) kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 3 ni mita 6, yaani ohm 0.04 hivi. Mbele ya mzigo wa ohm 8 hiyo ni nusu ya asilimia moja, na sauti inapungua kwa chini ya desibeli 0.05 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Weka waya wa ghali kuliko wote duniani, uwe hauna ukinzani kabisa, ulichookoa ni hicho tu.

Sasa chukua waya mwembamba wa 0.75 na uuvute mita 10. Ukinzani wa kwenda na kurudi unafika karibu ohm 0.46. Hapa mambo yanabadilika, na hapa ndipo hata mafundi wenzangu wananiudhi, kwa sababu wanasema, "Ah, inapungua nusu desibeli, ongeza sauti kidogo yaishe." Hayaishi. Ile "8 ohm" iliyoandikwa nyuma ya boksi ni kipimo cha jina tu. Impidansi ya spika, yaani jumla ya inavyouzuia umeme wa muziki, inapanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika, yaani mitikisiko ya sauti kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi. Kanuni ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, inaruhusu spika ya ohm 8 ishuke mpaka ohm 6.4, na spika hiyo hiyo, pale wufa (koni kubwa ya besi) inapotikisika kwa masafa yake ya asili, inaweza kupanda hadi ohm 30 au zaidi. Ohm 0.46 ya waya inakula desibeli 0.6 pale penye ohm 6.4, lakini pale penye ohm 30 inakula 0.13 tu. Waya umepunguza sauti, na pia umebadili umbo lake: sehemu moja ya besi imebaki juu kuliko majirani zake kwa karibu nusu desibeli. Ukiongeza sauti, umbo hilo linabaki vilevile. Kwa spika ya ohm 4 inayoshuka mpaka 3.2, tofauti hiyo inakaribia desibeli nzima. Hapo nakubali bila ubishi: inasikika.

Kwa hiyo anayesema "waya wote ni sawa" amekosea pia. Mimi hufuata kanuni ya zamani ya kazi hii: ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ohm za spika. Kwa ohm 8 ni 0.4, kwa ohm 4 ni 0.2. Nikiweza kushuka mpaka asilimia 2 nashuka, kwa sababu shaba nene ya kawaida haina gharama ya kutisha. Mita 10 kwa spika ya ohm 4, mpe 2.5 au 4. Mita 3 kwa spika ya ohm 8, 1.5 inatosha na kubaki.

Kitu kimoja cha kuangalia kweli dukani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule, na unyuzi wake unakatika upesi ukiukunja mara kadhaa. Kwangua unyuzi mmoja kwa wembe. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake: nje nyeupe, ndani nyekundu, na hiyo ni waya safi kabisa.

Madai mengine ya wauza waya nayapita haraka. Shaba isiyo na oksijeni: shaba ya kawaida ya umeme ina usafi wa asilimia 99.9, na kilichobaki kinabadilisha upitishaji kwa kama asilimia moja. Fedha, yale madini, inaizidi shaba kwa upitishaji kwa asilimia 5 au 6, kwa hiyo ongeza unene wa shaba kidogo umeifikia. Mishale ya kuonyesha waya uelekee wapi: mkondo wa spika unageuka mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde, mshale hauna kazi. Waya "kuzoea" baada ya saa mia za kupigwa: shaba haizoei.

Lakini hadithi ya "umeme kukimbilia ngozi ya waya" siwezi kuipita, kwa sababu inatumika kumtisha mtu kwa kitu ambacho ni cha kweli. Ndiyo, kwa hezi 20,000 mkondo katika shaba unajikusanya karibu na uso, kina chake ni kama milimita 0.46. Waya wa 2.5 una nusu kipenyo cha karibu milimita 0.9, kwa hiyo katikati pananyimwa kidogo. Ukipiga hesabu, nyongeza ya ukinzani ni miliohm chache kwa mita. Anayekuuzia hofu hiyo hakupi tarakimu hata siku moja. Jambo kubwa zaidi kwa masafa hayo ni indaktansi, yaani tabia ya waya kuupinga mkondo unaobadilika haraka. Jozi ya waya wa kawaida ina kama mikrohenri 0.65 kwa mita. Kwa mita 5, kwenye hezi 20,000, hiyo ni pingamizi la ohm 0.4, kubwa kuliko ukinzani wenyewe wa waya. Linatisha, sivyo? Ila halijumlishwi moja kwa moja na ohm 8 za spika, kwa kuwa linakaa nazo kwa pembe mraba. Piga hesabu inavyotakiwa na unapata hasara ya desibeli 0.01 mbele ya mzigo wa ohm 8.

Na kuna hili la "besi kukazwa", kwamba waya wa ghali unaifanya koni itulie upesi. Kinachoizuia koni isiendelee kuyumba ni jumla ya ukinzani wote katika mzunguko: amplifaya labda 0.04, waya 0.04, na koili ya spika yenyewe karibu ohm 6. Punguza ukinzani wa waya kwa nusu, jumla inashuka kutoka 6.08 hadi 6.06. Koili hiyo ni mita nyingi za waya mwembamba wa shaba. Kabla yake, kwenye krosova (sakiti ya ndani inayogawa besi na sauti za juu), mara nyingi kuna koili nyingine ya mita kadhaa, na ukinzani wake peke yake ni sehemu ya kumi kadhaa za ohm. Yaani mtu analipia mita 3 za nje kana kwamba ndani ya boksi hakuna waya! Tena koili ikipata moto, ukinzani wa shaba unapanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ikipigwa kwa nguvu hadi joto lipande nyuzi 100, ohm 6 inakuwa 8.3. Nyongeza ya ohm 2 na zaidi, na hakuna anayekuja kuniuliza habari zake.

"Lakini nimesikia tofauti kwa masikio yangu." Nakuamini. Swali ni ulisikia nini. Ulipobadilisha waya ulifungua skrubu zenye kutu na ukakaza upya: kiungio kimepona. Pengine waya wa zamani ulikuwa umegeuzwa chanya na hasi kwenye spika moja, na hilo linapunguza besi sana. Sasa umeufunga sawa. Kisha ukaamka na kukaa tena, kichwa kikahama. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, kwa hiyo kuhama kichwa kidogo chumbani kunabadilisha sauti za juu kwa desibeli kadhaa. Na kumbukumbu ya sikio kwa tofauti ndogo inafifia ndani ya sekunde chache, ilhali wewe ulitumia dakika kumi nyuma ya amplifaya.

Mwaka 1983 jarida la Stereo Review la Marekani liliwaketisha wasikilizaji na kuwaficha ni waya upi unapiga. Kwa muziki, waya mnene wa taa wa geji 16 haukutofautishwa na kebo maarufu ya ghali. Uliojitenga ni ule mwembamba wa geji 24. Kwa mtu anayejua hesabu ya ukinzani, hayo ndiyo yaliyotarajiwa.

Kuna mahali ambapo siko imara hivyo. Spika za umemetuli, zile bapa zenye utando, hushuka hadi karibu na ohm 1 kwenye masafa ya juu kabisa, na hapo indaktansi ya waya inaanza kuwa na neno. Kebo zilizosukwa zenye kapasitansi kubwa (uwezo wa kuhifadhi chaji kati ya nyaya) zinaweza kuifanya amplifaya dhaifu itetemeke yenyewe kwa masafa yasiyosikika, na hapo waya wa ghali unakuwa mbaya kuliko wa bei ndogo. Waya mrefu pia unaweza kunasa redio na kuirudisha ndani ya amplifaya. Na hiyo nusu desibeli iliyotanda kwenye sehemu pana ya sauti, sitaapa kuwa hakuna anayeisikia. Wapo wenye masikio makali, na majaribio ya dakika chache si sawa na kuishi na spika kwa mwaka mzima.

Ukitaka kujua kuhusu waya wako, fanya hivi. Piga toni ya hezi 1,000, pima volti pale spika inapofungwa, na usawazishe nyaya zote mbili, wako na wa kulinganisha nao, zisipishane zaidi ya asilimia moja. Mtu mwingine abadilishe kwa kurusha sarafu, asikwambie, na wewe usimwone uso, ila kila mara utaje ni waya upi unapiga. Rudia mara 16. Anayebahatisha hupata 8 hivi. Kufika 12 kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika 100. Ukifika 12, uniletee huo waya na hiyo spika. Nitaweka mita kwanza kwenye viungio, kisha kwenye waya, kisha nitachora impidansi ya spika kutoka hezi 20 hadi 20,000, maana kuna kitu hapo na ningependa sana kukiona.