Je, wajua kwa nini Auto-5 mbili zinazofanana hupishana bei?

Weka mezani bunduki mbili za Browning Auto-5, zote za geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu), zote za Ubelgiji, zote na ule mgongo wa mraba unaozitambulisha kwa mbali. Moja wakusanyaji wataigombea, nyingine mwenye duka ataipokea shingo upande. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi hiyo ya pili ndiyo inayomfaa mwindaji.

Umri peke yake hauamui kitu. Mbunifu wa bunduki hii, John Moses Browning wa Ogden, Utah, alipata hataza yake mwaka 1900. Kampuni ya bunduki ya Winchester ilikataa kumlipa fungu kwa kila bunduki itakayouzwa. Akaenda Remington, na mkuu wa kampuni hiyo akafariki ghafla Januari 1902, Browning akiwa anasubiri kuonana naye. Ndipo akavuka bahari hadi kiwanda cha FN, Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Uzalishaji ulihamia Japani miaka ya 1970 na kukoma 1998, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo Auto-5 kuukuu si adimu hata kidogo. Kilicho adimu ni ile ambayo haijaguswa.

Mkusanyaji huanza na herufi zilizochongwa kwenye chuma. Zikiwa na kingo kali, rangi ya bluu-nyeusi huenda ni ya kiwandani. Zikionekana kama zimelambwa, na matundu ya skrubu yamebonyea pembeni, ujue bunduki ilisuguliwa na kupakwa upya. Itang'aa kuliko mwenzake, lakini thamani yake imeshuka. Mtutu uliokatwa au kitako kilichopunguzwa ili kuwekewa mpira hushusha bei vilevile, ingawa havimzuii mtu kupiga bata.

Mimi ningeanza kwingine. Hakikisha haina risasi, legeza kifuniko cha mbele, kisha vua ubao unaoshikwa na mkono wa mbele. Auto-5 inapofyatuliwa, mtutu na boliti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) hurudi nyuma pamoja, vimeshikana, kisha mtutu hutangulia kurejea mbele na ganda tupu likatupwa nje. Kishindo chote hicho hupunguzwa na springi moja kubwa, kipande cha shaba nyeusi na pete ya chuma yenye ukingo ulioinama. Kwa risasi nzito, pete hukaa mbele ya springi, ikibana kile kipande cha shaba. Kwa risasi nyepesi huhamishiwa nyuma ya springi. Mtu asiyelijua hilo hupiga risasi nzito miaka mingi pete ikiwa mahali pa risasi nyepesi, na bunduki inajigonga yenyewe kila mara. Kagua ule ubao kwa ndani: nyufa zitakusimulia jinsi wamiliki waliotangulia walivyoitunza.

Hatari yenyewe iko kwenye chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Geji 16 nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kwa risasi za milimita 65, wakati za leo ni za 70. Risasi ya leo huingia bila shida, kwa sababu ganda lake limekunjwa mdomoni. Hufunguka baada ya kufyatuliwa, likakosa nafasi, na shinikizo likapanda. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Mpe fundi bunduki apime. Wapo mafundi wanaorefusha chemba, na bunduki ikishafanyiwa hivyo humfaa zaidi mwindaji na kumpungukia thamani mkusanyaji.

Jambo jingine ni sheria. Tangu 1991 Marekani imepiga marufuku marisau (chembe ndogo zinazorushwa na bunduki hizi) ya madini ya risasi katika uwindaji wa bata na mabata bukini, kwa sababu ndege huyameza na kufa kwa sumu. Marisau ya chuma nayo ni magumu mno kwa mitutu ya zamani ya Ubelgiji, na watengenezaji wenyewe wameonya yasitumike humo. Ukiipenda Auto-5 ya geji 12 na unataka kuwinda nayo bata, mara nyingi inawezekana kuifungia mtutu wa Kijapani wa chemba ileile, uliotengenezwa kuhimili chuma. Ule wa Ubelgiji upake mafuta na uutunze, maana siku ya kuuza, mnunuzi atauulizia kwanza.