Hayo Mabovu Mnayatupa Wapi?

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe kliniki yetu hapa Nairobi. Alinisikiliza nikieleza upasuaji wa kumpandikiza kijana figo mwanzo mwisho, kisha akauliza: "Sasa daktari, hayo mafigo mabovu mnayatupa wapi?"

Hatuyatupi. Yanabaki palepale mgongoni, na jipya linakaa mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga. Kijana atatoka hospitalini na mafigo matatu. Ya zamani tunayatoa tu yakiwa na maambukizi yasiyoisha, au yakiwa yamejaa vifuko vya maji mpaka yanakosesha jipya nafasi.

Nyongani tunapapendea ujirani: mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni iko karibu, kibofu nacho hakiko mbali. Kwa mtoaji, mara nyingi huchukuliwa figo la kushoto, kwa kuwa vena yake, mshipa unaorudisha damu moyoni, ni ndefu na fundi hushona kwa raha. Siku hizi tunaingia kwa kamera kupitia vitundu vidogo, halafu figo linatolewa kwa mkato wa chini ya kitovu, kama wa mama aliyejifungua kwa upasuaji.

Mishipa ya mtoaji ikishabanwa, ni mbio. Figo linasafishwa kwa maji maalumu ya baridi na kuwekwa kwenye barafu. Kisha tunashona, kwa kawaida vena kwanza, ateri (mshipa unaoleta damu) baadaye, kwa uzi mwembamba karibu kama unywele. Ustadi huu wa kuunga mishipa tulirithishwa na Mfaransa Alexis Carrel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Husimuliwa kwamba alijifunza kushona kwa wadarizi wa Lyon. (Fundi wa cherehani akiniambia kazi zetu ni moja, sibishi.)

Vibanio vikiachiliwa, figo la kijivu linageuka rangi ya waridi mbele ya macho yako. Likiwa na bahati, mkojo unaruka hata kabla hatujaunga mrija wake na kibofu. Chumba kizima hunyamaza hapo, na mimi pia, ingawa nimeiona mara nyingi. Ndani ya mrija tunaacha stenti, kijibomba cha plastiki kitakachotolewa baada ya wiki chache. Usiisahau: ikikaa miezi mingi huota mawe.

Watu wakisikia haya hudhani kazi kubwa imeisha. Mnamo Desemba 1954, huko Boston, Joseph Murray alipandikiza figo kwa namna isiyotofautiana sana na yetu. Lilikubali kwa sababu mtoaji na mpokeaji, Ronald na Richard Herrick, walikuwa mapacha wa kufanana. Kwa ndugu wa kawaida, mshono ungekuwa safi vilevile na mwili ungelikataa figo. Kilichobadili mambo ni dawa za kushusha kinga, hasa saiklosporini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, na takrolimasi iliyofuata. Leo, katika vituo vizuri, zaidi ya mafigo 9 kati ya 10 yaliyotoka kwa watoaji hai huwa bado yanafanya kazi mwaka mmoja baadaye.

Ninaowapoteza, wengi siwapotezei mezani. Mgonjwa wangu mmoja alikohoa, akaenda kliniki ya mtaani kwao, akagunduliwa kifua kikuu na kuanzishiwa dawa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kovu la tumboni, naye hakusema. Ndani ya dawa hizo kuna rifampisini, ambayo huliamsha ini liiteketeze takrolimasi kwa kasi. Kiwango cha takrolimasi kwenye damu kilishuka karibu na sifuri, kreatinini, taka ambayo figo hupaswa kuichuja, ikapanda, na figo la dadake likaanza kukataliwa. Tulibadilisha rifampisini kwa rifabutini, ndugu yake asiyeliamsha ini kwa nguvu hivyo, tukampa steroidi za mshipani kutuliza kinga. Tuliliokoa figo, lakini halikurudi lilivyokuwa.

Kwa hiyo kwenye duka la dawa, kwa mganga wa miti shamba, hata kwa daktari wa meno, sema kwanza: nina figo la kupandikizwa.

Yule mama, baada ya yote haya, alitaka kujua vidonge ni vya muda gani. Nikamwambia: maadamu figo linafanya kazi, kila baada ya saa 12, hata ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Akamgeukia mwanawe.

"Toa simu. Weka alamu mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Figo ni langu hilo."