Kabla ya kuingiza y kwenye duara, pima umbali wa kitovu

Wanafunzi wa kidato cha tano wakikuta duara na mstari kwenye swali moja, mkono huanza kazi kabla macho hayajamaliza kusoma. Wanaitenga y kwenye mlinganyo wa mstari, wanaiingiza kwenye mlinganyo wa duara, na ukurasa unajaa sehemu na mabano. Njia yenyewe ni sahihi, na kuna siku haikwepeki. Ila maswali mengi ya aina hii hayaulizi makutano yako wapi. Yanauliza urefu, au kama mstari unagusa, na hayo yote yamefichwa kwenye umbali mmoja tu: kutoka kitovu hadi mstari.

Tuchukue duara x² + y² − 6x − 4y − 12 = 0 na mstari 3x + 4y = 32. Kipande cha mstari kilichomo ndani ya duara kina urefu gani?

Kamilisha mraba: (x − 3)² + (y − 2)² = 12 + 9 + 4 = 25. Kitovu ni (3, 2), nusu kipenyo ni 5. Sasa hamishia 32 upande wa kushoto, weka kitovu kwenye 3x + 4y − 32, halafu gawa kwa kipeuo cha pili cha 3² + 4². Unapata −15 juu, 5 chini. Umbali hauwi hasi, kwa hiyo ni 3. Ni pungufu ya 5, basi mstari unakata duara. Ukichora mstari kutoka kitovu ukutane na kile kipande kwa pembe mraba, unakigawa katikati, na mbele yako kuna pembetatu mraba ya 3, 4, 5. Nusu ya kipande ni 4, kipande kizima ni 8. Kwisha.

Ukitaka kuhakiki kwa njia ndefu, utafika kwenye 5x² − 48x + 64 = 0, ambayo inatoa nukta (8, 2) na (1.6, 6.8). Umbali kati yake ni 8 uleule, kwa jasho mara tatu. Swali likiomba nukta zenyewe, hapo sawa, toa jasho.

Mguso unafuata mantiki hiyohiyo. Mstari 3x + 4y = c unagusa duara letu pale umbali unapokuwa 5 kamili: kwenye kitovu 3x + 4y ni 17, kwa hiyo ukubwa wa 17 − c, yaani |17 − c|, lazima uwe 5 × 5 = 25, na c ni 42 au −8. Majibu ni mawili kwa sababu duara lina pande mbili, na anayesahau ile alama ya thamani kamili huondoka na moja. Wapo wanaopenda kuingiza y na kutumia b² − 4ac = 0, sharti la mlinganyo ax² + bx + c = 0 kuwa na jibu moja tu, na hiyo ina heshima yake: René Descartes, kwenye kazi yake ya mwaka 1637, alitegemea wazo la majibu mawili kuungana kuwa moja ili kupata mistari inayosimama kwa pembe mraba juu ya mchirizo. Mimi kwa duara huanza na umbali, kwa sababu kitovu tayari ninacho mkononi.

Penye mtego hasa ni miguso, yaani mistari inayogusa duara, kutoka nukta iliyo nje. Tuseme nukta ni (8, 12). Tunaandika y − 12 = m(x − 8), m ikiwa mteremko, tunadai umbali kutoka (3, 2) uwe 5, na tunafika hapa:

(10 − 5m)² = 25(m² + 1)

Gawa kwa 25: 4 − 4m + m² = m² + 1. Zile m² zinafutana, m inabaki 3/4 peke yake. Mguso mmoja, 3x − 4y + 24 = 0. Lakini kutoka nukta iliyo nje ya duara miguso ni miwili daima, kwa hiyo mmoja umetoroka. Umetoroka kwa sababu mstari wima hauna mteremko, na sisi tulishauweka mteremko kwenye mlinganyo tangu mwanzo. m² ikifutika namna hii, nenda moja kwa moja kwenye mstari wima unaopita kwenye nukta yako: x = 8. Kitovu kiko kwenye x = 3, umbali ni 5, unagusa.

Na kama swali linataka urefu wa mguso tu, kutoka nukta hadi pale unapogusa duara, usiiguse m kabisa. Kutoka (8, 12) hadi kitovu, mraba wa umbali ni 25 + 100 = 125. Toa 25, mraba wa nusu kipenyo, inabaki 100, na urefu ni 10. Kwa mguso wa x = 8 unaweza kuuhesabu hata kwa macho: unagusa duara pale (8, 2), na kutoka y = 2 hadi y = 12 ni 10.